Mwongozo kamili: Jinsi ya kupima kama serikali kuu na serikali za mitaa zinagawa huduma kwa haki

Kituo cha afya kikiishiwa dawa, wa kwanza kulaumiwa ni muuguzi aliye dirishani, na wa pili ni diwani. Muuguzi huyo hakupanga bajeti, hakuagiza dawa, na pengine hata mwajiri wake hayupo wilayani. Diwani naye huenda alipitisha bajeti nzuri ambayo fedha zake hazikufika. Wananchi wanagombana na watu wawili wasio na uwezo wa kurekebisha jambo hilo, na mwenye uwezo hasikii chochote.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya dhuluma katika huduma za umma huamuliwa mbali na dirisha la huduma. Huamuliwa katika mpangilio uliopo kati ya serikali kuu na serikali za mitaa: nani amepewa jukumu, nani ameshika fedha, nani anaajiri, na nani anawajibika mambo yakiharibika. Mambo hayo yakiwa mikononi mwa watu tofauti wasiosikilizana, maeneo mawili yenye sheria moja na haki moja kwenye karatasi yanaweza kupata huduma za viwango tofauti kabisa.

Mwongozo huu unamfaa mwananchi wa kawaida, diwani, mjumbe wa kamati ya shule au ya zahanati, na mwandishi wa habari. Neno "halmashauri" humu lina maana ya serikali yoyote ya ngazi ya chini, iwe kaunti, wilaya, manispaa au mji. Mifano imetoka nchi mbalimbali, lakini hatua zenyewe zinafaa popote.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja, kisha uichambue

Usianze na swali kama "je, eneo letu linaonewa?" Swali hilo ni pana mno, na kila mwanasiasa ana jibu lake tayari. Chagua huduma moja: maji ya bomba, shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini au uzoaji wa taka. Kisha chukua karatasi na ujibu maswali matano kuhusu huduma hiyo.

Nani anaweka viwango na sera? Nani analipia ujenzi? Nani analipa mishahara? Nani analipia uendeshaji, yaani dawa, chaki, mafuta na matengenezo? Na nani anajibu malalamiko?

Jibu kwa kusoma sheria. Usitegemee alichosema mtu mkutanoni. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47: hospitali za kaunti na zahanati ziko chini ya kaunti, na pia elimu ya chekechea, lakini shule za msingi na sekondari zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mzazi wa chekechea na mzazi wa darasa la kwanza, hata kama watoto wao wanasoma kwenye kiwanja kimoja, wanapaswa kupeleka malalamiko yao katika ofisi mbili tofauti. Wengi hawajui, na gavana analaumiwa kwa shule ambayo si yake.

Ukimaliza kujibu, tazama karatasi yako. Majibu matano yakiangukia ofisi moja, kazi yako ni nyepesi: unajua pa kwenda. Yakigawanyika, hasa pale anayelipa mishahara si yule anayejibu malalamiko, basi umepata penye ufa. Hapo ndipo utakaporudi mara nyingi.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ufa huo unavyoumiza. Mwaka 2013, chama cha madaktari wa Kenya kilitia saini makubaliano ya maslahi na wizara ya afya ya kitaifa. Mwaka huohuo, ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka kwa kaunti, ukaanza kutekelezwa na madaktari wakahamia chini ya kaunti. Kaunti zikasema hazikushirikishwa katika makubaliano hayo, nayo serikali ya kitaifa ikasema waajiri sasa ni kaunti. Suala hilo liliishia katika mgomo ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100. Mwenye uwezo alikwenda hospitali binafsi. Aliyebaki nje ya lango la hospitali ya umma ni maskini, katika kila kaunti, bila kujali gavana wake ni hodari au la.

Hatua ya 2: Jua fedha zinatoka mfuko upi

Fedha za huduma huingia halmashauri kwa njia nne hivi, na kila njia ina namna yake ya kupunguza au kuongeza pengo.

Mapato ya ndani ni kodi, ushuru na ada ambazo halmashauri inakusanya yenyewe. Haya yanaipa uhuru, lakini yanafuata utajiri wa mahali. Mji wenye maghorofa na viwanda hukusanya, na wilaya ya wafugaji haina cha kukusanya. Marekani ni mfano ulio wazi zaidi: kwa muda mrefu shule za umma zimetegemea sana kodi ya majengo ya eneo husika, hivyo mtoto wa mtaa wa nyumba ghali alisoma katika shule yenye fedha zaidi. Wazazi wa San Antonio, Texas, walifika hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mahakama ilisema Katiba ya shirikisho haiwapi haki waliyoidai. Mapambano yakahamia kwenye mahakama za majimbo.

Ruzuku ya jumla hutoka serikali kuu bila masharti mengi, na halmashauri hujipangia. Hii ndiyo inayoweza kusawazisha maeneo maskini na tajiri, kutegemea fomula yake.

Ruzuku yenye masharti hutolewa kwa kazi maalumu: dawa tu, au barabara tu. Inalinda huduma muhimu zisiliwe na matumizi mengine, lakini inaweza kumlazimisha mtu mwenye shida ya maji kujenga madarasa.

Njia ya nne ni miradi, ya serikali kuu au ya wafadhili. Hii ndiyo unayopaswa kuitazama kwa makini kuliko zote, kwa sababu mara nyingi haina fomula kabisa. Mradi huenda unakofikika kwa gari, au penye kiongozi mwenye sauti.

Tafuta kitabu cha bajeti cha halmashauri yako na uandike kila njia ni asilimia ngapi ya jumla. Ukiona mapato ya ndani ni madogo sana, usikimbilie kusema viongozi ni wavivu wa kukusanya. Angalia kwanza kama walinyang'anywa vyanzo. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, na mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa mamlaka ya mapato ya taifa. Uganda ilifuta kodi ya kichwa mwaka 2005. Kodi za kichwa zilikuwa za kuonea maskini, na sioni sababu ya kuzililia. Lakini chanzo kinapofutwa bila kingine kuwekwa, halmashauri inabaki na majukumu yaleyale na inageuka kuwa mwombaji. Hali kama hiyo ilitokea pia China baada ya mageuzi ya kodi ya 1994: mapato yalipanda kwenda kwa serikali kuu, huku majukumu mengi ya shule na afya yakibaki chini.

Hatua ya 3: Soma fomula, kisha ufanye hesabu yako mwenyewe

Watu wengi hukimbia hapa. Tafadhali usikimbie, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Fomula ni orodha ya vigezo na uzito wa kila kimoja. Kenya ndiyo yenye mfano mzuri kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa hujadiliwa hadharani na Seneti. Katika fomula ya kwanza, idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 45, mgawo sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini asilimia 20, ukubwa wa eneo asilimia 8, na uwajibikaji wa fedha asilimia 2. Mwaka 2020 ilipofika zamu ya fomula ya tatu, maseneta walivutana kwa wiki nyingi na kupiga kura tena na tena bila kuelewana, kwa sababu kila toleo lilikuwa na kaunti zinazopanda na zinazoshuka. Waliafikiana Septemba, baada ya kukubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopata chini ya ilichokuwa ikipata.

Kilichowagawa maseneta hao ni swali la kweli: usawa ni kumpa kila mtu kiasi kilekile, au ni kumpa kila mtu huduma ileile?

Chukua maeneo mawili ya kubuni. Eneo A lina watu 900,000, wengi mjini. Eneo B lina watu 300,000 waliotawanyika. Fungu la kugawa ni milioni 1,200 kwa fedha yoyote unayoitaka. Ukigawa kwa idadi ya watu pekee, A hupata milioni 900 na B milioni 300, yaani 1,000 kwa kila mtu. Sasa weka fomula nyingine: asilimia 75 kwa idadi ya watu, asilimia 25 kwa mgawo sawa. A hupata milioni 825, sawa na 917 kwa mtu. B hupata milioni 375, sawa na 1,250 kwa mtu. Wakazi wa A watapiga kelele, na kwa hesabu hiyo wanaonekana wana haki.

Lakini endelea hatua moja. Tuseme mjini muuguzi mmoja anaweza kuhudumia watu 10,000, kwa kuwa wanaishi karibu. Kule B, umbali unamfanya muuguzi mmoja awafikie watu 4,000 tu. A inahitaji wauguzi 90, B inahitaji 75. Gawa fedha kwa idadi ya wauguzi: A ina milioni 9.2 kwa kila muuguzi inayemhitaji, B ina milioni 5. Eneo lililoonekana kupendelewa ndilo lenye upungufu.

Kwa hiyo, ukisikia "kila mwananchi apate sawa," uliza sawa ya nini. Uswidi imejenga mfumo wake wa kusawazisha juu ya swali hilo: hupima mapato ya kila manispaa, na pia gharama zake, kama vile wingi wa watoto na wazee na jinsi watu walivyotawanyika. Australia imekuwa na tume ya kudumu kwa kazi ya namna hiyo tangu 1933.

Kuna kigezo kimoja ambacho fomula nyingi hukisahau, nacho ni historia. Eneo ambalo halikuwekezwa kwa miaka 50 haliwezi kulingana na jingine kwa kupewa mgawo wa mwaka huu tu. Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 nchini Kenya ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yatakayoongeza uzalishaji zaidi, yaani yale yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu. Kaskazini kukavu kukasubiri. Ndiyo maana Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 iliunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Wazo ni zuri. Utekelezaji ulikwama kwa miaka, sehemu ya sababu ikiwa ugomvi wa nani asimamie fedha hizo, serikali ya kitaifa au kaunti.

Hatua ya 4: Hesabu watumishi kabla ya kuhesabu majengo

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii.

Majengo yanaonekana, yanazinduliwa na kupigwa picha. Lakini katika elimu na afya, sehemu kubwa ya fedha ni mishahara. Mishahara hiyo katika nchi nyingi hulipwa moja kwa moja na serikali kuu, kwa hiyo haionekani hata kwenye mjadala wa madiwani. Inafuata watumishi walipo. Na watumishi wengi, wakipewa nafasi ya kuchagua, hukaa penye umeme, nyumba, shule za watoto wao na kazi kwa mwenzi.

Fanya hesabu hii. Wilaya mbili zina wanafunzi 20,000 kila moja. Ruzuku ya uendeshaji ni 10 kwa mwanafunzi, kwa hiyo kila wilaya inapata 200,000. Sawa kabisa, na waziri atasema hivyo bungeni. Lakini wilaya ya kwanza ina walimu 500, ya pili ina 250. Mwalimu mmoja akilipwa 6,000 kwa mwaka, mishahara ni milioni 3 upande mmoja na milioni 1.5 upande wa pili. Jumlisha: wilaya ya kwanza inatumia 160 kwa kila mwanafunzi, ya pili 85. Hakuna aliyepiga kura kupitisha tofauti hiyo. Haipo kwenye fomula yoyote. Imetokana na uhamisho mmoja mmoja wa watumishi, kila mmoja ukiwa na sababu yake: ndoa, ugonjwa, masomo, au simu kutoka kwa mkubwa.

Tanzania ilianza mwaka 2004 kugawa ruzuku za sekta kwa fomula zenye vigezo kama idadi ya watu, umaskini na vifo vya watoto. Ilikuwa hatua ya maana. Fungu la mishahara, hata hivyo, liliendelea kufuata watumishi walikokuwa tayari, na kwa kuwa hilo ndilo fungu kubwa, fomula ikabaki kusawazisha kilichosalia.

Kwa hiyo omba mambo matatu kutoka ofisi ya utumishi ya halmashauri: ikama iliyoidhinishwa (idadi ya watumishi wanaotakiwa), idadi ya waliopo, na idadi ya waliohama na waliohamia kwa miaka mitatu iliyopita. Kisha rudia hesabu hiyohiyo ndani ya halmashauri, shule kwa shule na zahanati kwa zahanati. Utashangaa mara nyingi ukikuta kwamba pengo kati ya shule ya makao makuu na shule ya mwisho wa barabara ni kubwa kuliko pengo kati ya wilaya na wilaya.

Angalia pia nani mwenye mamlaka ya kuhamisha. Kama serikali kuu inaweza kumhamisha mtumishi bila idhini ya halmashauri, hakuna mkurugenzi anayeweza kuulizwa kwa haki kuhusu upungufu. Kama halmashauri inaajiri yenyewe, basi maeneo maskini yatashindwa kushindana kwa mishahara, labda kuwe na posho ya mazingira magumu inayolipwa na mfuko wa taifa. Mfumo wowote una udhaifu wake, na dai lako lazima lilingane na mfumo ulio nao.

Brazil ilijaribu njia nyingine. Kwa mfuko uliopitishwa mwaka 1996 na kuanza kazi kote nchini mwaka 1998, sehemu maalumu ya mapato ya kila jimbo na manispaa zake iliwekwa katika kapu moja, ikagawanywa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, na angalau asilimia 60 ikatengwa kwa mishahara ya walimu. Fedha zilimfuata mwanafunzi, mwalimu akafuata fedha. Manispaa maskini zilizokuwa na watoto wengi zikanufaika. Hata huko tofauti kati ya jimbo na jimbo zilibaki, na mwaka 2007 mfuko huo ukabadilishwa na mwingine mpana zaidi.

Hatua ya 5: Linganisha kilichotengwa, kilichofika na kilichotumika

Bajeti ni ahadi. Chora safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Weka safu ya nne kwa tarehe ya kupokea, kwa sababu fedha za dawa zinazofika wiki mbili kabla ya mwaka wa fedha kufungwa hazijamtibu mtu yeyote, na mara nyingi hutumika ovyo au hurudi.

Kila pengo linakupeleka mlango tofauti. Pengo kati ya kilichoidhinishwa na kilichopokelewa ni la serikali kuu. Pengo kati ya kilichopokelewa na kilichotumika ni la halmashauri. Fedha zikionekana zimetumika zote lakini huduma haipo, hilo ni la mkaguzi.

Uganda ilitufundisha jambo hapa. Uchunguzi wa fedha za shule za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya kila mwanafunzi ilifika shuleni. Nyingine iliishia njiani, kwenye ofisi za wilaya. Na mgawanyo wa hicho kidogo haukuwa wa bahati nasibu: shule za wazazi wenye uwezo zilipata zaidi, kwa sababu zilijua cha kudai na wa kumdai. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikifika. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine ya wakati huo. Kwangu, somo kubwa ni lile la shule tajiri: taarifa ikifichwa, anayeumia kwanza ni asiyejua pa kuuliza.

Hati za kutafuta ni taarifa za utekelezaji wa bajeti za kila robo mwaka na ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Kenya ina Mdhibiti wa Bajeti anayechapisha taarifa za kila kaunti. Ibara ya 219 ya Katiba yake inataka mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila makato, hivyo ucheleweshaji si suala la hisani. Katika ripoti ya ukaguzi usiishie kwenye aina ya hati, yaani maoni ya mkaguzi. Hati safi ina maana kwamba vitabu vya hesabu viko sawa. Haisemi chochote kuhusu nani alipata huduma.

Hatua ya 6: Tafuta maagizo yasiyo na fedha

Serikali kuu hutangaza: elimu bila ada, matibabu bure kwa wajawazito na watoto, kila kata iwe na sekondari. Ni matangazo mema, mengi yameokoa maisha. Uliza swali moja kwa kila tangazo: pengo la fedha linazibwa na nani? Zahanati ilikuwa ikikusanya ada kidogo ya kununulia dawa. Ada imefutwa. Ruzuku ya fidia imekuja kamili na kwa wakati? Kama haikuja, huduma "bure" inageuka kuwa cheti cha dawa cha kwenda kununua nje, na mzigo unamrudia yuleyule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Halmashauri tajiri huziba pengo hilo kwa mapato yake. Maskini haiwezi. Hivyo agizo moja la taifa zima linaweza kuongeza tofauti bila mtu yeyote kukusudia. Ujerumani ina kanuni katika katiba za majimbo yake kwamba anayeiagiza manispaa kazi mpya lazima aonyeshe fedha zake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1995 ya kudhibiti maagizo ya namna hiyo, ingawa ina mianya mingi.

Upunguzaji wa fedha nao hufanya kazi ileile kimyakimya. Uingereza, kati ya 2010 na 2018, ilipunguza ruzuku kwa halmashauri za England kwa takriban nusu ukizingatia mfumuko wa bei. Maeneo yenye umaskini ndiyo yaliyokuwa yakitegemea ruzuku zaidi, hivyo yaliumia zaidi, wakati sheria bado iliyataka yahudumie wazee na watoto wasio na walezi. Maktaba na vituo vya vijana vilifungwa kwanza, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa na ulinzi mdogo wa kisheria.

Hatua ya 7: Usiifanye halmashauri kuwa malaika

Kusogeza madaraka karibu na wananchi hakuleti haki kwa kutamka tu. Halmashauri nayo ina makao makuu yake, ina kata za wakubwa, na ina kabila, ukoo au chama chenye wingi. Kenya kumekuwa na kilio cha kata za pembezoni dhidi ya makao makuu ya kaunti zilezile zinazolalamikia Nairobi. Uganda imegawanywa kutoka wilaya 39 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi zaidi ya 130. Kila wilaya mpya ilisogeza ofisi karibu, lakini kila moja pia inahitaji magari, mishahara ya wakubwa na majengo kabla ya kununua kidonge kimoja.

Kwa hiyo rudia hatua ya 3 hadi ya 5 ndani ya halmashauri yako. Orodhesha miradi ya miaka mitatu kwa kata. Uliza halmashauri inatumia fomula gani kugawa fedha kwa kata zake. Nyingi hazina. Hapo una dai la kwanza ambalo halihitaji ruhusa ya serikali kuu.

Hatua ya 8: Peleka dai mlango sahihi, kwa wakati wake

Dai zuri likifika baada ya bajeti kupitishwa huwa ni malalamiko tu. Tafuta kalenda ya bajeti ya nchi yako na uihesabu kurudi nyuma. Kaunti za Kenya hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo Februari 28 na makadirio ifikapo Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba huwa mgumu mno kuuingiza Aprili, hata ukumbi ukijaa watu wa kupiga makofi.

Andika dai lako kwa ukurasa mmoja. Taja huduma, taja kifungu kinachompa mhusika jukumu, weka tarakimu mbili au tatu zinazolinganisha, kisha omba jambo moja linalotekelezeka. Kwa mfano: "Kata yetu ina walimu 9 kwa wanafunzi 810, wakati wastani wa halmashauri ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tunaomba nafasi tisa za kwanza za ajira au uhamisho wa mwaka huu zielekezwe kwetu, na taarifa itolewe kwenye kikao cha robo ijayo." Barua ya namna hiyo ni ngumu kujibiwa kwa maneno matupu.

Nakala iende ngazi zote mbili, halmashauri na wizara, katika barua moja yenye majina ya wote wawili juu. Ni jambo dogo lakini lina nguvu: kila mmoja anaona kwamba mwenzake amesoma, na mchezo wa kusukumiana unakuwa mgumu. Ukinyimwa takwimu, tumia sheria ya haki ya kupata taarifa. Afrika Kusini ina yake tangu 2000, Uganda tangu 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016.

Mahakama ni njia ya mwisho, yenye gharama na ya polepole, lakini ipo. Mwaka 2000, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kesi ya Irene Grootboom na wenzake, waliofukuzwa kwenye makazi yao ya mabanda wakabaki bila pa kulala. Ngazi zote za serikali zilikuwa na mpango wa nyumba, na mpango ulikuwa mzuri kwa miaka ya baadaye. Mahakama ilisema mpango huo haukutosha kwa sababu haukuwa na nafasi kwa watu wenye dhiki ya sasa hivi, na kwamba kugawana majukumu kati ya taifa, jimbo na manispaa hakuiondolei dola wajibu wake. Ukipeleka dai lako na ukaambiwa "hilo si letu, nenda kwa wenzetu," omba jibu hilo kwa maandishi, likiwa na jina la ofisi na kifungu cha sheria wanachokitegemea. Kisha lipeleke kwa hao wenzao, likiwa limeambatishwa kwenye barua yako ya kwanza.